Haki Ipo, Karani Hayupo

Siku ya mwisho kazini, askari polisi wa Marekani hurudisha vitu vingi. Redio ya mkononi, pingu, fulana ya kuzuia risasi, funguo za gari la doria, na mara nyingi bastola ya idara. Mtunza stoo anaweka vema kwenye orodha, wenzake wanakata keki, mtu anakwenda zake nyumbani. Anachotarajia kuondoka nacho ni kadi ndogo ya ukubwa wa leseni ya udereva: picha yake, jina la idara, na maandishi yanayosema kwamba mwenye kadi alikuwa askari na sasa ameacha kazi. Akiwa nayo, pamoja na karatasi nyingine inayothibitisha kwamba mwaka huu amepimwa shabaha akafaulu, anaweza kutembea na bastola yake binafsi chini ya koti kutoka Maine hadi California bila kumpigia magoti mtoa vibali wa jimbo lolote.

Ndivyo ilivyoandikwa katika sheria ya shirikisho tangu 2004. Lakini zipo idara ambazo mstaafu akifika kaunta kuulizia kadi hiyo, huambiwa hawatoi. Sifa anazo, miaka anayo, faili lake ni safi. Hawatoi tu. Msomaji aliyewahi kufuatilia kiinua mgongo cha mzazi wake, leo njoo kesho, kesho faili halionekani, anaijua korido hiyo hata kama hajafika Marekani. Tofauti ni kwamba huko korido hiyo imefika mpaka mahakama za rufaa, na majaji wamelazimika kusema waziwazi jambo ambalo kwingine huachwa likinong'onwa: haki inaweza kuwepo kisheria na asiwepo mtu hata mmoja mwenye wajibu wa kukukabidhi.

Mswada namba 218

Sheria yenyewe inajulikana kwa kifupi cha LEOSA, yaani sheria ya usalama wa maofisa wa kusimamia sheria. Rais George W. Bush aliisaini tarehe 22 Julai 2004. Bungeni ilikuwa mswada H.R. 218, na mpaka leo askari wengi hawalitumii jina refu. Wanasema tu "kadi ya 218".

Aliyeusukuma mswada huo kwa miaka katika Baraza la Wawakilishi ni Randy Cunningham wa California, rubani wa zamani wa kivita. Nyuma yake kilisimama Fraternal Order of Police, chama kikubwa cha maaskari wa kawaida. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Askari aliyewafunga watu kwa miaka 25 hawaachi watu hao kazini anapostaafu. Atakutana nao sokoni, kwenye kituo cha mafuta, kwenye mechi ya mjukuu wake. Tena wakati huo majeraha ya Septemba 11, 2001 yalikuwa mabichi, na wazo la kuwa na maelfu ya watu waliofunzwa silaha wakiwa wametawanyika nchi nzima, bila serikali kulipa senti, liliwavutia wabunge wa pande zote mbili.

Waliopinga nao hawakuwa wanaharakati wa kupinga bunduki peke yao. Chama cha kimataifa cha wakuu wa polisi, IACP, kilikataa. Seneta Edward Kennedy alikataa. Wakuu wa polisi walikuwa na wasiwasi wa watu wanaojua kazi: mkuu wa polisi wa mji mmoja anajua viwango vya askari wake, lakini atajuaje viwango vya mgeni aliyetoka majimbo matatu mbali? Na je, mstaafu akikosea, nani atashtakiwa: yeye, au idara iliyotia sahihi kwenye kadi yake?

Angalia mgawanyiko huo vizuri. Mswada ulipiganiwa na askari wa kawaida na kupingwa na mabosi wao. Kisha ulipopita, kazi ya kutoa kadi ikaangukia mikononi mwa mabosi.

Karatasi mbili

Masharti ya mstaafu ni mengi, lakini yanasomeka. Awe ameondoka kazini bila doa. Awe alikuwa na mamlaka ya kisheria ya kukamata. Awe ametumikia jumla ya miaka 10, au awe ameumia kazini baada ya kumaliza muda wa majaribio. Asiwe amekutwa na daktari wa idara kuwa hafai kwa sababu za afya ya akili. Asiwe amelewa anapobeba silaha. Asiwe mtu aliyekatazwa na sheria za shirikisho kumiliki bunduki. Na ndani ya miezi 12 iliyopita awe amefaulu jaribio la shabaha la askari walioko kazini, kwa gharama yake mwenyewe.

Mwanzoni masharti yalikuwa magumu zaidi: miaka 15, na lazima mtu awe na haki ya pensheni. Marekebisho ya Oktoba 2010 yalishusha miaka hadi 10, yakaondoa sharti la pensheni, na neno "mstaafu" likapanuliwa limfunike yeyote aliyeacha kazi kwa hadhi njema. Mwanzoni mwa 2013, chini ya Barack Obama, polisi wa kijeshi nao wakatajwa bayana. Kila marekebisho yaliongeza watu mlangoni. Hakuna hata rekebisho moja lililomwongeza karani.

Sheria inamtaka mtu abebe uthibitisho, na hapo ndipo utamu wa kisa unapoanza, kwa sababu uthibitisho huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni kitambulisho chenye picha kutoka idara aliyoacha. Ya pili ni cheti cha shabaha cha mwaka huo. Idara ikipenda inaweza kuyaweka yote mawili kwenye kadi moja. Isipopenda, ya pili inaweza kutoka kwingine: kwa jimbo analoishi mtu au, tangu 2010, kwa mkufunzi wa silaha mwenye cheti cha kupima askari walioko kazini katika jimbo hilo.

Karatasi ya pili, basi, ina madirisha mengi. Ya kwanza ina dirisha moja tu.

Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha

Karatasi ya pili ndiyo sehemu ya mradi inayotembea. Ukitaka kuiona, nenda kwenye uwanja wa shabaha siku ya wazee. Wanafika mapema, na kahawa kwenye vikombe vya karatasi, wengi wamevaa miwani ya kusomea kamba shingoni. Wanalipa ada, wanajaza fomu, wanaonyesha kitambulisho. Mkufunzi anasoma kanuni za usalama ambazo kila mmoja wao aliwahi kuwasomea vijana. Mbele yao zimening'inizwa karatasi zenye umbo la mtu, kiwiliwili na kichwa, na duara hafifu kifuani.

Wanaanza karibu, yadi chache tu, kisha wanarudi nyuma hatua kwa hatua. Ukaribu una mantiki yake: mapambano mengi ya bastola hutokea umbali wa chumba. Ukirudi mbali, macho yanaanza kusema ukweli. Mkono uliokuwa imara kwenye yadi saba unatafuta shabaha kwenye yadi kumi na tano. Kubadilisha magazini, jambo ambalo kijana hulifanya bila kutazama, mzee mwenye baridi yabisi vidoleni analifanya kwa subira. Kiwango cha kufaulu mara nyingi ni asilimia 80. Mwisho matundu yanahesabiwa kwa kidole, moja moja, na atakayefaulu anaondoka na kipande cha karatasi chenye tarehe.

Kipande hicho kina masharti madogo ambayo watu huyasahau. Kinahusu aina ya silaha aliyopimwa nayo mtu. Aliyefaulu kwa bastola ya magazini asidhani amefaulu kwa rivolva. Na kinaisha muda wake baada ya miezi 12. Mtu akiugua, akisafiri, akichelewa wiki mbili, ulinzi wa sheria unakatika kimyakimya. Bastola ni ileile na mwenye nayo ni yuleyule, lakini akivuka mpaka wa jimbo lenye sheria kali anaweza kuwa mtuhumiwa.

Florida, jimbo ambalo wastaafu wa New York na New Jersey huhamia wakifuata jua, ililitatua vizuri suala la karatasi ya pili. Jimbo liliweka jaribio lake, likawapa kazi wakufunzi waliothibitishwa, likatengeneza na kadi ya kuonyesha matokeo. Mstaafu hahitaji kurudi alikotoka kila mwaka kupiga risasi. Ukitazama hapo tu, utasema mradi umefaulu.

Neptune Beach

Katika jimbo hilohilo, kando ya Atlantiki jirani na Jacksonville, upo mji mdogo uitwao Neptune Beach. Askari mmoja mstaafu wa mji huo aliomba karatasi ya kwanza, kitambulisho cha ustaafu. Mji ukakataa. Akaenda mahakamani, akisema sheria ya shirikisho imempa haki na mji unamzuia kuifikia.

Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Kumi na Moja ilimjibu. Kwa ufupi: sheria inasema mwenye kitambulisho anaruhusiwa kubeba. Haisemi popote kwamba idara lazima itoe kitambulisho. Mwaka uliofuata Kanda ya Nne ikafika palepale katika shauri la Maryland.

Mtu anaweza kudhani ni uzembe wa waandishi wa sheria: wangeongeza mstari mmoja tu, "idara itatoa". Lakini mstari huo usingesimama. Mwaka 1997, katika shauri la Printz, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba Bunge la shirikisho haliwezi kuwaagiza watumishi wa majimbo na wilaya kutekeleza mradi wake. Na mlalamikaji alikuwa nani? Jay Printz, mkuu wa polisi wa wilaya ya Ravalli huko Montana, aliyekataa kulazimishwa na Washington kuchunguza historia za wanunuzi wa bastola. Kwa miaka ushindi ule ulitajwa kama ngao ya polisi wa mashinani dhidi ya Washington. Kumbe ngao haichagui wa kumkinga. Polisi aliyestaafu alipokuja na sheria ya Washington mkononi, mji wake ulijikinga kwa kanuni ileile.

Kwa hiyo Bunge lilipoandika sheria ya 2004, lilikuwa limefungwa mikono mahali hasa palipohitaji mkono. Liliweza kuyaambia majimbo, msimkamate mtu huyu. Halikuweza kuiambia idara, mpeni kadi. Likatoa shoka na kumwachia kila mtu atafute mpini wake.

Ukizihesabu idara zenyewe ndipo ukubwa wa jambo unapoonekana. Marekani ina vyombo vya polisi takribani 18,000, kuanzia New York yenye makumi ya maelfu ya askari hadi mji wenye mkuu wa polisi na vijana wawili. Idara kubwa zina ofisi ya wastaafu, mashine ya kuchapisha kadi na mwanasheria. Idara ndogo ina karani mmoja anayepokea simu, faini za maegesho na malalamiko ya mbwa. Ombi la kadi likitua mezani kwake, haoni haki ya raia. Anaona kazi isiyo na bajeti na hatari ya kushtakiwa. Jibu rahisi zaidi ni kutokuwa na utaratibu.

Yapo na maswali ambayo hata karani mwenye moyo atakwama nayo. Mtu aliyetumikia miaka minne mji mmoja na sita mji mwingine ametimiza jumla ya 10. Idara aliyomalizia kazi ndiyo inayopaswa kumtambua, nayo lazima itegemee mafaili ya wenzake. Na idara ikifa je? Polisi wa Compton, California, walivunjwa mwaka 2000, kazi ikachukuliwa na ofisi ya sherifu wa Los Angeles. Camden, New Jersey, ilivunja jeshi lake la polisi mwaka 2013 na kuanzisha jipya la wilaya. Sheria inazungumzia "idara aliyoacha mtu" kana kwamba idara hazizikwi.

Ukiwa nayo, ukiwa huna

Mahakama hazikusimama upande mmoja siku zote. Huko Washington, D.C., waliokuwa askari magereza waliomba kitu kidogo kuliko kadi: fomu ijazwe kuthibitisha kwamba walikuwa na mamlaka ya kukamata walipokuwa kazini, ili waende wakapimwe shabaha. Waajiri wao wa zamani wakaandika kwamba hao hawakuwa maofisa wa kusimamia sheria. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Washington ikasema haki hiyo inadaiwa mahakamani, na 2019 ikauthibitisha ushindi wao. Tazama jinsi uzito wa miaka yote ya kazi ulivyoning'inia kwenye kisanduku kimoja cha fomu, na mkono wa mtu wa utumishi aliyechagua "hapana".

Kisha New Jersey. Jimbo hilo lilikuwa na utaratibu wake wa muda mrefu kwa polisi wastaafu: kuomba kibali kila mwaka kwa polisi wa jimbo, kupimwa shabaha mara mbili kwa mwaka, na kikomo cha umri cha miaka 75. Jimbo likashikilia kwamba hata mwenye kadi ya 218, maadamu anaishi New Jersey, lazima apitie kibali chake. Tarehe 14 Februari 2024, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tatu ikasema hapana; aliyetimiza masharti ya sheria ya shirikisho na ana karatasi zake, jimbo halina ruhusa ya kumwongezea mengine.

Ziweke hukumu hizi sambamba utaona hazigongani sana kama zinavyodhaniwa. New Jersey ilishindwa kwa sababu wastaafu walikuwa na kitambulisho tayari. Neptune Beach ilishinda kwa sababu mstaafu hakuwa nacho. Ukiwa nacho, jimbo zima na mwanasheria wake mkuu hawawezi kukuzuia. Ukiwa huna, mji wa watu elfu chache unaweza kukunyima na hakuna wa kuuliza. Sheria imemlinda aliyekwisha kupata na kumwacha anayetafuta.

Wasomi wa utekelezaji wa sera hupenda kuchora mishale kutoka juu kwenda chini: bunge, wizara, idara, mwananchi. Mchoro wa sheria hii una mshale wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati haupo, na mahali pake ameachwa mtu mwema au mtu mgumu, kama bahati itakavyoamua.

Barabarani usiku

Hata kwa aliyepata zote mbili, mradi una mtihani mwingine, nao hufanyika saa nne usiku kando ya barabara kuu. Dereva mwenye mvi amesimamishwa kwa mwendo kasi. Anaweka mikono juu ya usukani, anasema mapema kwamba ana bastola kiunoni na kwamba ni polisi mstaafu. Askari kijana anaipokea kadi na kuimulika kwa tochi. Hajawahi kuiona idara hiyo, na kadi haifanani na ile ya wastaafu wa kwao, kwa sababu sheria haikuweka umbo moja la kadi wala daftari moja la taifa la kuhakiki. Anageuza nyuma, anatafuta tarehe ya shabaha. Kumbe iko kwenye karatasi nyingine, ndani ya kasha la vitu pale mbele ya abiria, mahali ambapo hapendi mtu aliyejitangaza ana bastola apeleke mkono.

Sekunde hizo ndizo mradi wenyewe. Bunge na mahakama zote za rufaa zimekutana pale, kwenye mwanga wa tochi, na anayeamua ni kijana wa miaka 24 ambaye pengine alisomewa sheria hii kwa nusu saa chuoni.

Na dereva naye ana mipaka ya kukumbuka. Kadi haimpi mamlaka ya kukamata mtu. Haimfungulii jengo la serikali ya shirikisho wala ndege. Mwenye duka akibandika tangazo la kukataza silaha pale ambapo sheria ya jimbo inamruhusu, mstaafu naye ni mteja kama wengine. Beji peke yake, hata iwe ya dhahabu ndani ya pochi ya ngozi, haitoshi. Sheria inataka kitambulisho chenye picha.

Kinachopimwa, kisichopimwa

Kuna swali ambalo wakuu wa polisi waliliuliza tangu mwanzo na ambalo haliishi kwa hukumu ya mahakama. Kila mwaka sheria inapima jicho na mkono. Suala la akili linatazamwa mlangoni, mtu anapoondoka idarani. Baada ya hapo hakuna daktari anayetakiwa kumwona, awe na miaka 55 au 85.

Januari 2014, huko Wesley Chapel, Florida, kapteni mstaafu wa polisi wa Tampa alimpiga risasi na kumuua mtu ndani ya ukumbi wa sinema, baada ya ugomvi ulioanzia kwenye simu ya mkononi. Februari 2022 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia, likikubali kwamba alikuwa akijitetea. Shauri lile halikuhusu kadi ya 218. Nalitaja kwa sababu lilionyesha kwamba mazoezi ya miaka mingi hayamalizi hatari iliyomo ndani ya ugomvi mdogo. Jaribio la yadi saba halipimi hasira.

Upande wa pili una haki yake pia. Yapo majimbo mengi sasa ambako raia mzima asiye na rekodi mbaya anabeba bastola bila kibali chochote, bila kupimwa shabaha hata mara moja, na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu katika shauri la Bruen mwaka 2022 hata majimbo makali yamelazimika kulegeza masharti. Mzee aliyesimama foleni Jumamosi kupigisha risasi kwa ada yake, kisha akanyimwa kitambulisho na idara aliyoitumikia, ana haki ya kuuliza kwa nini jirani yake muuza magari anabeba bila foleni yoyote.

Yeye anayo karatasi ya pili. Akiishi Florida ataipata upya kila mwaka, tarehe mpya, matundu mapya, madamu macho yanaona. Ataiweka kwenye pochi nyuma ya leseni ya udereva, mahali alipoacha nafasi kwa ajili ya karatasi ya kwanza. Mwakani mwezi kama huu ya pili itakuwa imeisha muda, naye ataamka mapema, atanunua kahawa, atakwenda kuihuisha tena ili ikae peke yake.